Namna ya Kuitetea Shule ya Umma Hadi Ofisi Ijibu: Mwongozo kwa Viongozi wa Jamii na Walimu

Karibu kila kikao cha wazazi huwa na mtu anayesimama na kusema elimu imeshuka. Watu humpigia makofi, mwenyekiti humshukuru, kikao hufungwa. Kesho yake darasa ni lile lile na mwalimu ni yule yule mmoja mbele ya watoto 80. Aliyesema alisema kweli, lakini maneno yake hayakuwa na mahali pa kufikia, kwa sababu hakuna ofisi yenye jalada la "elimu imeshuka." Kuna jalada la walimu waliopangiwa shule fulani, la ruzuku ya robo mwaka, la ujenzi wa vyoo. Kazi ya utetezi ni kuligeuza lile lalamiko liingie katika mojawapo ya majalada hayo, kisha kulifuatilia mpaka lijibiwe.

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaohitajiana. Mwalimu anajua kilichomo darasani, ila mara nyingi haruhusiwi kukisema hadharani. Kiongozi wa jamii, awe wa mtaa, wa dini au wa kikundi cha wazazi, anasikilizwa, ila hajui kilichomo kwenye daftari la mahudhurio. Nimeona kila mmoja akienda peke yake: mwalimu akaitwa kujieleza, kiongozi akaambiwa hana takwimu. Kwa hiyo tunaanzia hapo.

Hatua ya 1: Kubalianeni nani atasema nini

Mwalimu wa shule ya umma ni mtumishi wa serikali, na katika nchi nyingi kanuni za utumishi zinamzuia kutoa taarifa za kazini kwa waandishi wa habari bila idhini. Kabla hamjaandika barua yoyote, someni kanuni hizo pamoja, na mwalimu azungumze na chama chake cha walimu. Ajue pia kwamba hayuko mikono mitupu. Tarehe 5 Oktoba 1966 Paris yalipitishwa Mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, na kimojawapo cha vifungu vyake kinasema mwalimu awe huru kutumia haki zote za kiraia anazozitumia raia mwingine yeyote. Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo kwa sababu ya waraka huo. Si sheria inayoibana serikali mahakamani, lakini ni jambo la kulitaja kwa heshima pale mwalimu anapoulizwa kwa nini alihudhuria kikao cha wazazi jioni.

Kanuni ninayoishika mimi ni hii: jambo lolote ambalo mzazi anaweza kuliona akipita dirishani halina mtoa siri. Idadi ya watoto waliokaa sakafuni, choo kilichofungwa, bati lililotoboka, hayo yasemwe na wazazi kwa majina yao. Yale yaliyo kwenye nyaraka, kama mapokezi ya ruzuku au ikama ya walimu (idadi ya walimu ambayo shule imepangiwa), yaombwe rasmi na kamati ya shule, ambayo kwa kawaida ina haki ya kusomewa taarifa hizo. Mwalimu abaki kuwa mwelekezi: awaambie wazazi waulize nini, na jibu watakalopewa lina maana gani.

Kuna jambo moja gumu mlizungumze mapema, mkiwa wawili tu. Jamii itauliza kuhusu walimu wasiofika kazini. Mkilikwepa swali hilo, ofisi italitumia kuwafunga midomo siku ya kikao. Semeni ukweli wa shule yenu: ni siku ngapi walimu hawakuwepo, na ni ngapi kati ya hizo walikuwa wameitwa semina, wamefuata mshahara mbali, au hawakuwa na sababu. Mwalimu anayelikubali hili hadharani huaminiwa katika mengine yote.

Hatua ya 2: Chagueni jambo moja, tena dogo kuliko mnavyotaka

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia. Watu huandika orodha ya madai 14, na mwenye mamlaka huchagua lile rahisi, akalitekeleza, akapiga picha.

Mwaka 2008 huko Khayelitsha, nje ya Cape Town, Afrika Kusini, shirika changa la wanafunzi na wazazi lililoitwa Equal Education lilikuwa na kila sababu ya kudai kila kitu. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeacha shule za watu weusi bila maktaba, bila maabara, nyingine bila umeme. Wao walianza na madirisha. Shule moja ya sekondari, Luhlaza, ilikuwa na vioo vilivyovunjika 500 hivi, na vilikuwa vimekaa hivyo kwa miaka. Wanafunzi walipiga picha, wakakusanya sahihi, wakaandamana, na fedha za matengenezo zikatolewa. Madirisha yaliwafundisha watoto wale kwamba ofisi hujibu ikisukumwa. Kutoka hapo walidai jambo kubwa zaidi, yaani kanuni za kitaifa zinazotaja shule lazima iwe na nini, na Novemba 2013 serikali ilizitangaza. Kisha walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 mahakama kuu ya mji wa Bhisho ikaondoa vifungu vilivyokuwa vinaipa serikali mwanya wa kuchelewa. Ilichukua miaka kumi kutoka kwenye vioo hadi kwenye hukumu.

Jambo zuri la kuanzia linaonekana kwa macho, linahesabika, lina ofisi moja inayoweza kuliamua, na linaweza kwisha ndani ya mwaka wa fedha mmoja. Mwalimu wa hisabati aliyehamishwa na nafasi yake haikujazwa ni jambo zuri. "Ubora wa ufundishaji" si jambo zuri la kuanzia, hata kama ndilo linalowauma zaidi. Mtalifikia.

Hatua ya 3: Hesabuni wenyewe

Msitegemee takwimu za ofisi peke yake, wala msizipuuze. Zichukueni, kisha mhesabu upya, mweke pamoja.

Uhesabuji wa wananchi si jambo geni. India, kuanzia mwaka 2005, wananchi wa kujitolea walianza kupita nyumba kwa nyumba vijijini wakiwapa watoto karatasi fupi ya kusoma na hesabu rahisi. Kazi hiyo inaitwa ASER, kifupi cha Kiingereza cha ripoti ya mwaka ya hali ya elimu. Mwaka 2009 mbinu hiyo iliingia Kenya, Tanzania na Uganda kwa jina la Uwezo, ikitumia kipimo cha darasa la pili hata kwa watoto wa madarasa ya juu. Ripoti zake zilishtua kwa sababu zilionyesha wazi kwamba mtoto anaweza kuwa amefika madarasa ya juu na bado hawezi kusoma hadithi fupi. Zilisikilizwa kwa kuwa kipimo kilikuwa rahisi kiasi kwamba mbunge yeyote angeweza kumpa mtoto wake ajaribu.

Kwa shule moja, wazazi wanne na asubuhi mbili zinatosha. Hesabuni siku mbili tofauti, moja iwe katikati ya wiki, kwa sababu mahudhurio ya siku ya gulio au ya mvua hayafanani na ya siku nyingine. Andikeni waliosajiliwa na waliofika, kila kimoja peke yake. Na msikubali wastani wa shule nzima. Shule yenye wanafunzi 480 na walimu 12 ina uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 40, na kwenye ripoti inaonekana salama. Fungua mlango wa darasa la kwanza ukute watoto 110 na mwalimu mmoja, halafu darasa la mwisho lina 28. Mtoto anajifunza kusoma darasa la kwanza, na hapo ndipo wastani unapoficha. Kwa hiyo hesabu yenu iwe ya darasa kwa darasa.

Msiandike jina la mtoto yeyote. Msisambaze picha za nyuso za watoto kwenye makundi ya simu, hata kama zinagusa moyo. Piga picha ya choo, ya bati, ya dawati lililovunjika. Mtoto aliyepigwa picha akiwa amekaa vumbini ataishi na picha ile akiwa mtu mzima, na hakuulizwa.

Hatua ya 4: Fuateni fedha mpaka mjue zinasimama wapi

Mwalimu mkuu hawezi kuajiri. Ofisa elimu wa eneo mara nyingi anaweza kuhamisha mwalimu ndani ya eneo lake lakini hawezi kuongeza ikama. Baraza la eneo linapanga sehemu ya bajeti, wizara inatoa ruzuku, na hazina ndiyo inayoachia fedha. Watu wengi humchosha mwalimu mkuu kwa jambo ambalo hana uwezo nalo, na huku aliye na uwezo nalo hajawahi kuandikiwa barua hata moja.

Chukueni karatasi, mchore njia ya shilingi, au ya fedha yoyote ya nchi yenu, kutoka hazina hadi kwenye akaunti ya shule. Kila kituo andikeni: ni nani, analetewa taarifa lini, anatoa taarifa kwa nani.

Uganda inatoa sababu ya kufanya hivyo. Watafiti walipofuatilia ruzuku ya shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, waligundua kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha za matumizi zilizotolewa na serikali kuu zilizofika shuleni, na shule nyingi hazikupata kitu. Vitabu vya hazina vilikuwa sahihi na fedha zilitoka, ila zilikwama ngazi za kati. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya, na kuzitaka shule zibandike ubaoni kiasi kilichopokewa. Miaka iliyofuata sehemu kubwa ya ruzuku ikawa inafika. Wapo wanaosema, na nakubaliana nao, kwamba matangazo hayakufanya kazi hiyo peke yake, maana wakati huo huo serikali ilibadilisha namna ya kutuma na kukagua fedha. Lakini mzazi mwenye namba mkononi alikuwa sehemu ya ukaguzi ule.

Ombi la kwanza la kamati yoyote ya shule, kabla ya kudai fedha zaidi, liwe hili: ruzuku iliyopokewa ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, pamoja na tarehe. Halihitaji bajeti. Na mwalimu mkuu mwaminifu hulipenda, kwa sababu humwondolea tuhuma.

Hatua ya 5: Fikeni kabla bajeti haijafungwa

Kama mtasahau mengine yote, shikeni hili. Hoja nyingi nzuri hushindwa kwa sababu zilifika zimechelewa. Bajeti ikishapitishwa, ofisa anayewaambia "hakuna fungu" anasema kweli, na hata akitaka kuwasaidia hana pa kutoa.

Ulizeni mwaka wa fedha wa nchi yenu unaanza lini, kisha mhesabu kurudi nyuma. Bunge au baraza hupitisha bajeti karibu na mwisho wa mwaka wa fedha. Kabla ya hapo kamati zake hukaa kuichambua, na nyingi hupokea maoni ya wananchi. Kabla ya kamati kuna rasimu. Kabla ya rasimu kuna ukomo wa bajeti ambao kila idara hupewa. Na kabla ya yote hayo, mara nyingi miezi sita au zaidi mapema, shule na ofisi za chini huandika mahitaji yao. Hapo ndipo mnapotakiwa kuwa, wakati hakuna mwandishi wa habari, hakuna wanasiasa, na ofisa anajaza jedwali. Mstari ulioandikwa kwenye jedwali lile una nafasi kubwa kuliko maandamano ya siku ya kusoma bajeti.

Mkifika ngazi ya taifa mtahitaji kipimo kikubwa zaidi. Mei 2015, Incheon, Korea Kusini, serikali zilikubaliana juu ya viwango vya kujipima: kutenga asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa kwa elimu, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yote ya serikali. Mbunge anapaswa kuulizwa nchi iko wapi kwenye viwango hivyo. Msimpelekee ofisa elimu wa eneo swali hilo. Si la kwake, na atalitumia kuliepuka la kwake.

Hatua ya 6: Barua ya ukurasa mmoja

Barua ndefu husomwa na karani. Andikeni fupi, kwa namna hii (namba ni za mfano tu):

*YAH: UPUNGUFU WA MADAWATI 62, DARASA LA KWANZA HADI LA TATU*

*Rejea kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 4 na 11 za mwezi huu kamati ya wazazi iliwahesabu wanafunzi wa madarasa hayo. Waliohudhuria ni 318. Madawati mazima ni 44, kila moja likikaliwa na wanafunzi watatu. Wanafunzi 186 wanakaa sakafuni. Tunaomba madawati 62 yaingizwe kwenye makadirio ya mwaka ujao wa fedha, na tunaomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya tarehe 30 ya mwezi ujao. Wazazi wawili wako tayari kufika ofisini siku utakayopanga. Jedwali la hesabu limeambatishwa.*

Nakala ya barua igongwe muhuri wa mapokezi na ibaki kwenu. Muhuri ule una thamani kuliko hotuba, kwa kuwa siku mtakapoambiwa "hatukupata taarifa," mtautoa.

Mkiitwa ofisini, nendeni watatu: mmoja wa kusema, mmoja wa kuandika, na mzazi mmoja ambaye mtoto wake anakaa sakafuni. Huyu wa tatu asifundishwe la kusema. Mkitoka, andikeni muhtasari siku hiyo hiyo na mumtumie ofisa: "Tulivyoelewa, umeahidi hivi, kufikia tarehe fulani." Asipokanusha, mna ahadi iliyoandikwa.

Hatua ya 7: Jiandaeni kwa majibu matatu

"Tunalishughulikia." Ulizeni kwa upole: limefika kwa nani, na linarudi lini? Msiondoke bila tarehe.

"Hakuna fedha." Ulizeni ni fungu gani lililokosa, na kama ombi limeingizwa kwenye makadirio yajayo. Ombeni kuuona mstari.

"Changieni wazazi, nasi tutaunga mkono." Hili ndilo gumu, kwa sababu linagusa upendo wa mzazi kwa mtoto wake. Mimi sipingi michango. Madarasa mengi yasingesimama bila hiyo. Lakini mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu, kifungu cha 26, lilisema elimu ya msingi itolewe bure, na kila mchango unaogeuka sharti humtoa shuleni mtoto wa mzazi asiye nacho. Mkiamua kuchanga, wekeni masharti matatu kwa maandishi: hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, sehemu ya serikali na tarehe yake vitajwe, na jambo lenyewe lisiondolewe kwenye bajeti kwa kuwa wazazi wamelianza. Bila hayo mtajikuta mmejenga darasa na kumwachia mwenye wajibu fedha za kufanyia mengine.

Hatua ya 8: Umma na siasa

Redio ya jamii na mahubiri ya ijumaa au jumapili hufika mbali kuliko mitandao, hasa kwa wazazi wazee. Mpeni mtangazaji namba tatu na mzazi mmoja, si waraka wa kurasa kumi. Fungueni shule siku moja wazazi wote waje wakae kwenye viti vya watoto wao somo zima. Waalikeni pia waliowapeleka watoto shule binafsi. Hawakuikimbia shule ya umma kwa chuki, na wengi wao walisoma humo. Wanalipa kodi inayoiendesha na sauti yao ina uzito.

Wakati wa uchaguzi, wapeni wagombea wote swali moja lile lile, kwa maandishi, na mtangaze majibu yote kwa pamoja bila kumpigia debe yeyote. Mwalimu asionekane na sare ya chama chochote. Kampeni ya shule ikivaa rangi ya chama, nusu ya wazazi wataondoka siku hiyo na hawatarudi.

Hatua ya 9: Mkishakubaliwa, msitawanyike

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, kikundi cha raia kilichoitwa Prichard Committee kiliitisha mikutano ya wananchi jimbo zima mwaka 1984 kuhusu hali ya shule za umma. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba mfumo mzima wa shule ulikuwa kinyume cha katiba kwa kutowapa watoto elimu ya kutosha na iliyo sawa, na mwaka 1990 sheria mpya ikapita. Wengine wangefanya sherehe na kufunga ofisi. Wao walibaki kufuatilia utekelezaji, na wapo hadi leo.

Kwenu inaweza kuwa kazi ya watu watatu na daftari moja. Teueni sasa nani atashika daftari hilo mwaka ujao, na awepo mwingine wa kumrithi, maana wazazi huondoka watoto wao wanapomaliza shule na mwalimu anaweza kuhamishwa wakati wowote. Andikeni humo ahadi, tarehe, jina la cheo kilichoahidi, na nakala ya kila barua yenye muhuri. Na siku gari litakapoleta madawati, yashusheni, myahesabu moja moja, mkalie kila moja kuona kama linayumba, ndipo kamati isaini hati ya kupokea. Kama yamekuja 55, andikeni 55.